Asili ya Programu za Vitu

Msomaji kijana, uanzapo kujifunza kutunga programu za kompyuta kwa njia ya vitu, usidhani kuwa elimu hiyo iliwashukia wateule. Ilizaliwa Oslo, nchini Norwei, katika miaka ya 1960, mikononi mwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Haja yao ilikuwa kuiga mambo ya dunia ndani ya kompyuta, kama vile watu wangojao zamu katika foleni. Kwa lugha yao, Simula 67, kila kitu kilipewa sifa zake na kazi zake. Na kielelezo kimoja kikazaa vitu vingi, mfano wa kalibu moja itoayo matofali mengi. Katika miaka ya 1970, huko Marekani, Alan Kay na Adele Goldberg waliwafundisha hata watoto njia hiyo kwa lugha ya Smalltalk. Dahl na Nygaard walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, wakafariki wote wawili mwaka 2002.

Basi usitishwe na majina mageni. Tazama kwanza vitu vilivyokuzunguka, ujiulize: hiki kina nini, nacho chaweza kutenda nini? Hapo ndipo walipoanzia wao. Jambo lililowezwa na watoto halitakushinda wewe.