Safu ya Lugha: Kuuza na Kubadilishana

Anayesimulia kwa Kiswahili magongo ya barafuni ya vijana wa Kanada hukimbilia neno la soka: kijana "ameuzwa". Neno hilo halifai. Kuuza ni kutoa kitu upate fedha, na katika ligi hizo za wachezaji wa miaka 16 hadi 20 klabu kwa kawaida hupeana mchezaji kwa mchezaji, au kwa nafasi za kuteua chipukizi misimu ijayo. Klabu ikiwa na wanne wa miaka 20, na kanuni inaruhusu 3 tu, humtafutia mmoja timu nyingine au humwacha, bei haimo. Atakayepinga atamtaja Eric Lindros, aliyekataa kuchezea Sault Ste. Marie mwaka 1989 akapelekwa Oshawa, na fedha zikatolewa. Kweli, lakini ziliambatana na wachezaji na nafasi za uteuzi, zilikuwa nyongeza. Kubadilishana, neno lenye asili ya Kiarabu, ndilo linalosema ukweli: klabu zimebadilishana wachezaji. Ila tusiseme kijana "amebadilishwa", kwani msomaji ataelewa ametolewa uwanjani mwenzake akaingia. Na Januari, pazia la mabadilishano hayo linapokaribia kufungwa, tuandike "huenda akahamia". Tetesi si habari, na anayetajwa pengine bado ni mwanafunzi wa sekondari.