Taa za Omena, Karabai hadi Betri

Ukipanda vilima vya Gwassi usiku usio na mwezi, nyuma yako ni bonde la Lambwe, giza tupu, kwa sababu sehemu kubwa ya bonde hilo ni mbuga. Mbele yako ni ziwa, na ziwa linawaka. Taa zimetapakaa kutoka Sindo hadi Mfangano na kuelekea Remba, mgeni akadhani kuna mji ng'ambo ile. Ni wavuvi wa omena. Taa hizo ndizo kazi yangu. Nilianza kuzitengeneza zikiwa za mafuta ya taa, leo nazitengeneza zikiwa za betri, na historia yake huwa naisikia ikisimuliwa nusu. Husemwa kwamba taa chafu iliondoka, taa safi ikaja, basi. Mimi nasema kilichobadilika zaidi ni nani anayeweza kuiona hitilafu.

Omena ni samaki mdogo mwenye rangi ya fedha; ng'ambo ya Tanzania humwita dagaa, na Uganda mukene. Usiku hufuata mwanga, pamoja na viumbe vidogo vya majini anavyovila. Mwezi ukijaa, ziwa lote huwa na mwanga wake, taa ya mvuvi inakosa kazi, na mashua zinapumzika. Kwa hiyo kalenda ya mvuvi wa omena ni kalenda ya giza, na kwenye giza taa ikizimika, hakuna wavu utakaoiokoa kazi ya usiku huo.

Sisi wa Lambwe tuliingia katika kazi hii tukiwa na sababu zetu. Bonde lile lilitawaliwa na mbung'o. Ng'ombe walikufa kwa nagana, watu wakaugua malale, na mapema miaka ya 1980 ugonjwa ulilipuka tena. Mwaka 1966 sehemu ya bonde ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, ambako swala korongo wa mwisho wa Kenya bado wanaishi. (Nawapenda korongo wale, ingawa mbung'o waliowalinda wao walitufilisi sisi.) Ardhi isiyokubali ng'ombe humsukuma mtu majini. Familia nyingi zilikaa mguu mmoja bondeni na mwingine ziwani, mtama kule, omena huku.

Taa niliyoikuta ziwani ni karabai. Asili yake ni mbali. Carl Auer von Welsbach wa Austria alipata hataza ya kifuko cha nyuzi kinachong'aa mwaka 1885, na mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Max Graetz ya Berlin ikatoa taa ya pampu iitwayo Petromax. Unajaza mafuta ya taa kwenye tangi, unapiga pampu, unalipasha moto bomba. Mafuta yanageuka mvuke, yanachomoka kwenye tundu jembamba la nozeli, yanachanganyika na hewa na kuwaka ndani ya kifuko. Kikichomwa mara ya kwanza, uzi wake unateketea na kubaki majivu yenye umbo lilelile. Hayo majivu ndiyo yanayotoa mwanga mweupe. Yaguse kwa ncha ya kidole, yanamomonyoka.

Kitu dhaifu namna hiyo kilipandishwa juu ya chelezo cha mbao, kikafungwa kamba na kuachwa kielee juu ya mawimbi mpaka samaki wakusanyike. Tone la maji baridi likigusa kioo cha moto, kioo kinapasuka. Kifuko kikitoboka upande mmoja, ulimi wa moto unatoka na kupiga kioo mahali pamoja hadi kivunjike. Mwanga ukiruka na taa ikavuma kwa mapigo, nozeli imeziba, inataka sindano. Ukififia polepole, ngozi ya pampu imekauka na inaachia hewa. Ilainishe kwa mafuta. Moto ukiwa wa manjano wenye moshi, bomba halikupashwa vya kutosha.

Angalia jinsi hitilafu zote hizo zilivyojitangaza. Unaziona, unazisikia, unazinusa. Kila mashua ilikuwa na kopo lake lenye sindano, vifuko na kipande cha ngozi, na kijana aliyeketi omo aliweza kuitengeneza taa gizani huku chombo kikiyumba. Fundi wa nchi kavu alihitajika tangi likitoboka tu. Siitetei karabai. Ilikula fedha ya mafuta kila usiku, iliunguza mikono na kuwajaza wavuvi moshi kifuani. Ila wavuvi waliijua taa yao yote, kuanzia tangi hadi kifuko.

Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua hapa Mbita kituo cha kuchajia taa na betri kwa nguvu za jua. Mvuvi aliweza kukodi betri iliyojaa jioni na kuirudisha asubuhi. Baadaye taa za LED zikashuka bei, betri za pikipiki zikajaa madukani, na mafundi wa ufuoni wakaanza kuunda taa zao wenyewe. Karabai zikaanza kupungua, kutoka kwetu hadi Sori na Muhuru Bay.

Hapo ndipo hitilafu ilipojificha. Taa ya umeme haivumi wala hainuki. Inafifia, halafu inazimika, na mvuvi anachoweza kufanya ni kuitikisa. Kukicha anailaumu betri, anaibeba begani na kuja kwangu.

Mzee mmoja (jaduong', kwa Kijaluo) mwenye mashua ya tanga ya zamani kuliko nyingi za ufuo huu alikuja hivyo. "Fundi, ufuoni zinawaka vizuri. Nikipandisha tanga tu zinakufa. Nipe betri nyingine."

"Jaduong', betri yako ni nzima," nilimwambia baada ya kuipima. "Nipeleke kwenye mashua."

Betri ya volti 12 iliyojaa ikapumzika husoma kama 12.6, na yake ilisoma hivyo. Nilikwenda na mita hadi kwenye taa iliyofungwa mlingotini, ile ya kuwamulikia wanaovuta wavu. Taa ikiwa imechomolewa, mita ilisoma 12 na ushei. Mafundi wengi hunaswa hapo, kwa kuwa pasipo mkondo kupita, hata waya mbovu huonekana mzima. Niliirudisha taa, nikaiwasha, nikapima tena ikiwa inawaka. Volti 9. Zile nyingine zilikuwa zinapotelea njiani.

Tukaufuata waya kwa mkono kutoka tezi. Ulipita chini ya mbao za kukalia, ukashuka ngamani, mahali maji yanapokusanyika hata mashua ikikalafatiwa vizuri namna gani. Hapo, upande mmoja wa ubavu, palikuwa na kiungo: nyaya mbili zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu. Ufuoni mashua imesimama wima na maji yamelala katikati. Tanga likishika upepo, chombo kinalala ubavu, maji yanakimbilia upande ule na kukizamisha kiungo. Nilipoifungua tepu, shaba ilikuwa kijani kibichi, tena laini kama ugoro. Ziwa letu si la chumvi, lakini mkondo wa betri ukipita kwenye shaba iliyolowa huila vilevile. Nikakata waya kurudi nyuma hadi nilipokuta shaba inayong'aa, na ilinibidi kukata karibu shibiri nzima, kwa maana maji yalikuwa yamepanda ndani ya ganda la waya. Kisha tukaulehemu kwa risasi, tukaufunika na kuupitisha juu, chini ya ukingo wa mashua. Jaduong' alirudi na betri yake ileile.

Jambo jingine linalonikera ni la kila mwaka. Serikali hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane, nami naiunga mkono hatua hiyo. Lakini betri za asidi na risasi huachwa zimekauka umeme kwenye pembe ya nyumba miezi yote minne. Bamba zake hugeuka na kushika ukoko mgumu wa salfeti ambao chaji haiuondoi tena. Agosti ikifika, ufuo mzima unatafuta betri mpya, wakati zile za zamani zingehitaji tu kujazwa mara moja kwa mwezi. Karabai ungeiacha mwaka mzima, na ukirudi unabadilisha ngozi.

Rusinga, hatua chache kutoka hapa, walionja ujuzi wa betri na waya majumbani. Kati ya 2013 na 2015 watafiti wa ICIPE wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Wageningen walifunga sola kwenye maelfu ya nyumba za kisiwa kile ili kuendesha mitego ya mbu, na kila nyumba ikapata taa na chaji ya simu. Baada ya hapo wanawake waliokuwa hawajashika waya maishani wakawa wanajua betri iliyochoka na swichi iliyolegea. Kama ujuzi umefika jikoni, unaweza kufika kwenye mashua.

Ndiyo maana siku hizi simpi mwenye mashua taa bila kopo. Ndani yake kuna balbu ndogo yenye nyaya mbili, fyuzi za akiba, msasa, grisi, tepu na kipande cha waya. Taa ikizimika, kijana aiguse balbu hiyo kwenye vichwa vya betri kwanza. Ikiwaka, betri ni nzima. Aisogeze hadi baada ya fyuzi, kisha kwenye swichi, kisha kwenye kila kiungo kuelekea taa. Pale inapofifia, ugonjwa uko nyuma yake, na msasa na grisi vinatosha hadi asubuhi. Wanafanya hivyo gizani, kwa mkono, kama zamani kwa sindano. Kilichobaki naziomba kamati za ufuo. Zinunue mita moja kwa kila ufuo, bei yake haifiki ya betri moja, na zifunze watu wawili kuisoma taa ikiwa inawaka.