Mbeleko katika Nchi ya Upare: Tarehe ya Nguo na ya Maneno Yake

Wenye kuandika tarehe ya biashara katika Afrika Mashariki hawakosi kutaja nguo. Hutueleza habari za majora ya merikani yaliyoshushwa Unguja, na kaniki ya Bara Hindi, na leso za Mombasa, na jinsi wakubwa wa bara walivyojipamba kwa vitambaa hivyo. Lakini nguo ikiisha kufika bara haikukaa mabegani mwa wakubwa tu. Sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika mgongoni mwa mama, fundo likiwa kifuani na mtoto amelala ndani. Habari hiyo haikuandikwa sana, kwa kuwa aliyeandika alikuwa mfanyabiashara, au askari, au mmisionari, na mwanamke aliyepishana naye njiani na mtoto wake mgongoni hakuwa jambo la kumfanya atoe kalamu. Makala haya yataka kuitazama mbeleko katika nchi moja, nayo ni milima ya Upare, ambayo mji wa Same u chini yake upande wa magharibi. Na kwa kuwa maandishi ni machache, hatuna budi kuanza na maneno yenyewe.

Mtanzania wa leo hubeba chochote: gunia, ndoo, lawama, hata jina la ukoo wake. Zamani haikuwa hivyo. Edward Steere, katika kitabu chake cha lugha ya Unguja kilichotoka mwaka 1870, na baada yake Frederick Johnson katika kamusi ya 1939, wanaeleza kwanza kwamba kubeba ni kumchukua mtoto mgongoni kwa nguo. Mizigo mingine ilichukuliwa: mpagazi alichukua pembe, mwanamke alichukua mimba. Baadaye kuchukua kukajongea upande wa kutwaa, na kubeba kukatoka mgongoni mwa mama kukajaza nafasi iliyoachwa wazi. Kwa hiyo kila mara tunaposema lori limebeba saruji twatumia, pasipo kujua, neno la malezi.

Pamoja na kubeba kulikuwa na kueleka, yaani kumweka mtoto kiunoni au mgongoni miguu yake ikiwa imetanuka. Na kupakata, ambako ni kwa mapajani. Na kubeleka, ndiko kulikozaa mbeleko na ubeleko. Neno hili la mwisho si mali ya pwani peke yake. Mshona husema kubereka, na nguo yake ni mbereko. Mnyanja vivyo hivyo. Mzulu ana ukubeletha, na imbeleko yake ni ngozi ya kumfungia mtoto na pia ni sherehe ya mbuzi achinjwaye ili mtoto ajulishwe kwa wazee waliokufa. Kwa Mshona na kwa Mzulu kitenzi hicho kimoja chatosha kwa mambo mawili, kuzaa na kubeba mgongoni. Kiswahili kimeyatenga, nacho kimepoteza kitu kwa kuyatenga.

Lakini ushahidi ulio mkubwa zaidi umo katika neno ambalo hatulitazamii. Mganda humbeba mtoto kwa engozi, Mkikuyu kwa ngoi, na Mnyarwanda kwa ingobyi, ambalo ni pia jina la machela ya kumchukulia mgonjwa. Wachunguzi wa lugha za Kibantu wameyarudisha maneno hayo kwenye mzizi mmoja, gobi, na maana yake ya kale ni mbeleko ya ngozi. Katika Kiswahili mzizi huo ndio ngozi yenyewe, kwa mabadiliko yale yale ya sauti yaliyotupatia mwivi na mwizi kutoka chanzo kimoja. Na neno govi, ambalo halisemwi mbele za watu, limebaki kuonyesha hatua ya katikati. Basi neno tunalolitumia kwa viatu, kwa ngoma na kwa rangi ya mtu lilianza, kwa kadiri tunavyoweza kufuatilia, kama chombo cha mama. Mswahili alipopata nguo mapema kuliko jirani zake, mbeleko ilihamia kwenye nguo, na ngozi ikabaki ngozi tu.

Upare jambo hilo lilichelewa. Nchi za milimani zilivaa ngozi za mbuzi na za ng'ombe, na Wapare walikuwa na cha kubadilishana na jirani zao kabla ya nguo kuwafikia, kwa kuwa wahunzi wa Ugweno waliyeyusha chuma, na majembe yao yalijulikana mbali. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Pangani ilipita pande zote mbili za milima ikielekea Kilimanjaro, na upande wa mashariki Kisiwani na Gonja pakawa vituo vya wafanyabiashara wa Kiswahili. Merikani ikapanda mlimani kwa njia hiyo. Isisahauliwe kwamba Kimweri ye Nyumbai wa Usambara alipofariki mwaka 1862 vita na utekaji vilizidi katika nchi hizi, na misafara ileile iliyoleta nguo iliondoka na watu. Nguo ya kwanza kumbeba mtoto wa Kipare huenda ilipatikana kwa bei ya mtoto wa mwingine. Mwandishi wa habari za biashara anayehesabu majora tu hawezi kuliona hilo.

Oscar Baumann alipita Upare mwaka 1890. Miaka ishirini na moja baadaye reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi, ikipita Same, na duka la nguo likawa jambo la mwendo wa siku moja, kwa mtu wa milimani, badala ya jambo la kungojea msafara. Ndani ya kizazi kimoja hivi ngozi ikaachwa. Kuanzia hapo mbeleko ni kaniki, kisha kanga, na baadaye kitenge.

Yafaa kusema kidogo juu ya kanga, kwa sababu wasifiao maandishi yake husahau umbo lake. Kanga huuzwa vipande viwili, yaani doti, na kila kipande hukaribia mita moja na nusu kwa mita moja. Kimoja hufungwa kiunoni. Cha pili ni cha kichwa, cha mabega, cha kufunikia kapu, na cha mtoto. Mama huinama mpaka mgongo wake uwe kama meza, humweka mtoto juu yake kwa mkono mmoja, huitupia nguo kwa mkono wa pili, huivuta chini ya kwapa zote mbili, au juu ya bega moja na chini ya kwapa la pili, kisha hukaza na kuviringa upindo kifuani. Mtoto hubaki ameshika mbavu za mama kwa miguu, magoti yameinuka, shavu limelala penye uti wa mgongo. Kazi hii huchukua muda mfupi kuliko maelezo yake, na msichana wa miaka minane huijua, kwa kuwa amembeba mdogo wake.

Upare hapana njia nyingine iliyofaa. Mji wa Same u chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, nao ni mkavu. Kilele cha Shengena hufika mita 2,462, na vijiji vya Chome, Mbaga na Vudee viko katika miteremko. Mwanamke ashukaye kwenda gulioni ana mkungu wa ndizi kichwani, naye ataka mikono yake kwa kushika mti penye utelezi. Mtoto wa mbele angemzuia asione anapokanyaga. Mtoto wa mgongoni hushuka pamoja na mwili wa mama kama sehemu yake.

Jambo moja zito halina budi kutajwa. Si kila mtoto alibaki katika mbeleko. Maandishi ya wamisionari wa Kijerumani waliokaa Upare kabla ya vita ya 1914, mmoja wao Jakob Dannholz wa Mbaga, yanaeleza kwamba mtoto aliyeota meno ya juu kwanza alihesabiwa kuwa nuksi, naye aliuawa. Pwani nayo ilimjua mtoto huyo, ikamwita kigego. Tukumbuke kwamba meno ya kwanza hutoka mtoto akiwa na miezi sita au zaidi kidogo, yaani amekwisha kubebwa nusu ya mwaka. Mama ndiye aliyejua mapema kuliko wote, maana aliyaona meno hayo alipomshusha anyonye. Desturi hiyo imekwisha; lakini huwezi kuandika tarehe ya mbeleko ukaandika usingizi mtamu wa watoto peke yake.

Kisha yakaja mashamba ya mkonge ya tambarare, na kodi. Wanaume wakatoka kwenda kutafuta fedha, na jembe likabaki kwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Serikali ya Waingereza ilipoleta kodi ya kukadiria mali, iliyojulikana kwa jina la mbiru, Wapare waliikataa kuanzia 1944 hata 1947, na mapema mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka wakakaa Same, makao ya wilaya. Profesa Isaria Kimambo ameyaandika mambo haya kwa urefu. Nitaje moja tu: wanawake wa Usangi walimkabili Mkuu wa Wilaya wakamtaka aumalize ugomvi, la sivyo awape mimba yeye mwenyewe, kwa kuwa waume zao hawapo. Wengi wamelichukua neno hilo kuwa matusi ya werevu. Mimi nalisoma kama hesabu. Makadirio ya kodi yalihesabu mifugo na mashamba ya mwanamume; kazi ya kuzaa, kubeba na kulima kwa wakati mmoja haikuwa na safu yake katika daftari, na wanawake wale waliifungulia safu mbele ya afisa.

Mwaka 1969 muuguzi Mmarekani, Ann Moore, ambaye alikuwa ametumika Togo akawaona akina mama wa huko, alipata hati ya uvumbuzi ya mfuko wa kubebea mtoto uitwao Snugli. Alichoongeza ni mikanda na mshono. Mengine yote yaweza kuonekana bure siku ya gulio.

Pwani waliona mapema kwamba mbeleko ni deni. Bwana arusi aliyemwoa mwanamwali alimpa mama mkwe ubeleko, fidia ya nguo aliyochakaza akimbeba binti, na mkaja, ambao ni nguo aliyojifunga tumboni baada ya kumzaa. Katika vikao vingi vya posa vya bara siku hizi hakuna nguo inayoletwa. Fedha ndizo hutajwa. Lakini mshenga akisoma orodha bado husoma "mkaja wa mama", na wazee wa upande wa pili huuliza ni kiasi gani.