Maneno ya Mtandaoni Yanapovuka Mipaka: Nani Hubeba Dhima?

 

Julai 2024, mahakama wilayani Rungwe, ambako Tukuyu ndiyo makao makuu, ilimtia hatiani kijana mchoraji kwa video ya TikTok iliyomwonesha akichoma picha ya Rais na kumtolea matusi. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni 5. Wapo wanasheria waliohoji kama kuchoma picha ni kosa. Faini ililipwa kwa michango ya watu.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani hayo ni ya Bara. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika pia Zanzibar, na kifungu cha 30 kinazipa mahakama zetu uwezo juu ya:

1. Aliyetenda kosa, lote au sehemu yake, ndani ya Tanzania.
2. Mtanzania anayeishi nje, ikiwa jambo hilo ni kosa pia katika nchi anayoishi.
3. Mtu yeyote, popote alipo, aliyetumia kifaa kilichopo Tanzania au aliyemlenga mtu aliyepo Tanzania.

Nchi nyingine nazo zina sheria zao. Mwaka 2019 mwanamke kutoka Uingereza alizuiliwa Dubai kwa maneno ya Facebook aliyoyaandika akiwa kwao mwaka 2016, akatozwa faini ya dirham 3,000. Wenye jamaa Maskati na Dubai, au wanaosafiri huko kwa biashara, wazingatie.

Ama katika dini, dhima haina mpaka. Suratul-Hujuraat, aya ya 6, inatutaka tuhakikishe khabari kabla ya kuifanyia kazi. Basi anayesambaza asiseme "nimetumiwa tu". Na kuvunjia mtu heshima ni haki ya mja: kufuta ujumbe peke yake hakutoshi.

Aliyekwisha kukosea afute, awaambie aliowatumia kuwa amekosea, amtake radhi aliyemdhulumu, na atubie kwa Allaah. Aliyedhulumiwa asijibu tusi kwa tusi. Ahifadhi ushahidi na apeleke shauri polisi. Nasi wazazi tukae na vijana wetu tuwafahamishe haya kabla simu haijawafikisha mahakamani.

WaLlaahu A'lam.