Neno la Lemkin na Hukumu za Arusha

Msafiri atokaye Arusha kwenda Moshi, akiisha kupita migomba na mibuni ya Wameru, hufika Tengeru kwa mwendo mfupi. Hapo, karibu na ziwa la Duluti, yapo makaburi yapatayo 150 ya watu wa Poland. Wengi wa wafu hao ni Wakatoliki. Lakini wamo Waorthodoksi, na wamo pia Wayahudi. Watu hawa hawakuja Tanganyika kwa biashara wala kwa kutawala. Mwaka 1939 nchi yao iligawanywa baina ya Ujerumani na Urusi, na katika miaka ya 1940 na 1941 Warusi waliwahamisha watu wengi sana wa sehemu ya mashariki, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Ujerumani ilipoishambulia Urusi wahamishwa hao walifunguliwa, na mwaka 1942 maelfu yao walivuka bahari ya Kaspi hadi Uajemi pamoja na jeshi la Jenerali Anders. Kutoka huko wanawake na watoto walipelekwa katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Tengeru ilipokea watu wapatao 5,000, ikawa kambi kubwa kuliko zote za Wapolandi katika Afrika ya Mashariki, nayo ilidumu mpaka mwanzo wa miaka ya 1950.

Wayahudi walikuwa wachache katika kambi hiyo. Wengi wao walizuiwa wasitoke Urusi pamoja na jeshi, na watoto wa Kiyahudi waliobahatika kufika Uajemi walipelekwa Palestina mapema mwaka 1943. Lakini wapo Wayahudi wengine wa Poland ambao habari zao zimeshikamana na Arusha kuliko hata za hao waliozikwa Tengeru. Ndio waliopiga kelele, vita vilipokuwa vikali, ili dunia iijue chuki iliyokuwa ikiwaangamiza ndugu zao. Na sheria iliyotokana na kelele hizo ilikuja kutumiwa na mahakama ya mataifa, kwa mara ya kwanza kabisa, katika mji ulio chini ya mlima Meru.

Mwaka ule ule wa 1942, wakimbizi wa kwanza walipokuwa wakiingia Tengeru, Wayahudi waliobaki Poland chini ya Wajerumani walikuwa wakiuawa kijiji kwa kijiji na mji kwa mji. Tarehe 8 Agosti Gerhart Riegner, mwakilishi wa Kongresi ya Wayahudi ya Dunia mjini Geneva, alitoa habari ya simu kwamba huko Ujerumani lilikuwako shauri la kuwaua Wayahudi wote wa Ulaya. Wakuu wa Washington walimtaka Rabi Stephen Wise wa New York aizuie habari hiyo mpaka ihakikishwe, hata ikawa haikutangazwa ila tarehe 24 Novemba. Tarehe 17 Desemba mataifa yaliyokuwa yakipigana na Ujerumani yalitoa tamko la kulaani mauaji na kuahidi adhabu. Tamko lilitolewa, milango ilibaki imefungwa. Mwezi wa Aprili 1943 Waingereza na Wamarekani walikutana Bermuda kuzungumza juu ya wakimbizi, wakaachana bila ya kutenda jambo kubwa.

Szmul Zygielbojm alikuwa London wakati huo, akikiwakilisha chama cha wafanyakazi wa Kiyahudi kiitwacho Bund katika baraza la serikali ya Poland iliyokimbilia huko. Alikuwa amesema mikutanoni na katika redio, akiomba na kuonya. Mwezi wa Mei, mkewe na mwanawe wakiwa wameangamia Warsaw, alijiua, akaacha barua iliyoeleza kwamba kwa kifo chake anapinga kimya cha dunia. Wakuu walioandikiwa barua hiyo walikuwa wakuu wa serikali ile ile iliyokuwa ikiangalia shule za watoto wa Tengeru.

Raphael Lemkin alishika njia nyingine. Alizaliwa mwaka 1900, akasoma sheria Lwów, akawa mwendesha mashtaka Warsaw. Mwaka 1933, Hitler alipokwisha kushika serikali, alipeleka pendekezo kwenye mkutano wa wanasheria huko Madrid kwamba kuwaangamiza watu kwa ajili ya kabila au dini yao kuhesabiwe kuwa jinai mbele ya mataifa yote. Halikukubaliwa. Vita vilipoanza alikimbia, akapita Lithuania na Sweden, akafika Marekani mwaka 1941. Jamaa zake 49 waliuawa. Mwaka 1944 alitoa kitabu kikubwa juu ya utawala wa Wajerumani katika nchi walizoziteka, na ndani yake aliweka neno alilolibuni mwenyewe, jenosaidi, akiunganisha neno la Kiyunani lenye maana ya kabila au ukoo na neno la Kilatini lenye maana ya kuua. Hoja yake ilikuwa kwamba mambo mapya yanataka maneno mapya. Na wataalamu wa lugha hawatashangaa kusikia kwamba kazi ya mwanasheria huyu ilianza kwa kuunda istilahi.

Baada ya vita aliwaendea wajumbe wa Umoja wa Mataifa mmoja mmoja, hali hana cheo cha serikali yo yote. Cuba, India na Panama zilikubali kulileta jambo lake mbele ya Baraza Kuu, na azimio likapita tarehe 11 Desemba 1946. Mkataba wenyewe ulikubaliwa Paris tarehe 9 Desemba 1948. Kifungu chake cha tatu huadhibu kuua, na pia kuwachochea watu waziwazi na moja kwa moja ili waue. Wamarekani walitaka sehemu hiyo ya uchochezi iondolewe, wakiuhofia uhuru wa magazeti. Warusi, kinyume chake, walitaka kila tangazo la kueneza chuki ya kabila liadhibiwe. Njia iliyoshikwa ilikuwa katikati: uchochezi ulibaki, na chuki tupu isiyowaita watu kuua iliachwa nje.

Jambo hili lina uzito. Gazeti la Julius Streicher, Der Stürmer, lilianza kuwatukana Wayahudi mwaka 1923, miaka mingi kabla ya kambi za mauaji kujengwa. Mahakama ya Nuremberg ilimhukumu Streicher, naye akanyongwa tarehe 16 Oktoba 1946. Lakini Hans Fritzsche, aliyekuwa sauti ya redio ya Ujerumani, aliachiliwa. Kwa hiyo waliokuwa wakionya tangu mwanzo walipata sheria iliyoshika hatua ya mwisho tu ya safari ndefu.

Yafaa kusema kwa kupita kwamba Wameru nao walikuja kubisha mlango wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1951 serikali iliwaondoa watu wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili nchi yao wapewe Wazungu wafugaji, na mwaka 1952 Kirilo Japhet na mwanasheria Earle Seaton walikwenda New York kulishtaki jambo hilo mbele ya Baraza la Udhamini. Walisikilizwa; ardhi haikurudishwa wakati huo. Kwa njia hiyo watu wa Meru walijifunza, kama Lemkin, kwamba kusikilizwa na kusaidiwa ni mambo mawili.

Wataalamu wa lugha wana sehemu yao katika habari hii, wala si ya kujivunia. Neno Semiti lilikuwa jina la jamii ya lugha. Mwaka 1879 Wilhelm Marr na wenzake huko Ujerumani waliligeuza kuwa jina la damu, ili chuki ya kale dhidi ya Wayahudi ionekane kama elimu. Jina la Hami lilipatwa na mambo kama hayo katika Afrika. Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Wadachi aliyekaa sehemu za Kilimanjaro, alitoa mwaka 1904 kitabu kilichodai kwamba asili ya Wamasai na ya Waebrania wa kale ni moja. Mwaka 1912 Carl Meinhof aliiweka lugha ya Kimasai miongoni mwa lugha za Wahami. Wamasai hawakudhurika sana na dhana hizo. Katika Rwanda Watutsi waliambiwa kwa miaka mingi kwamba wao ni Wahami waliotoka Uhabeshi, mwanzo kwa kuwasifu, halafu kwa kuwafukuza. Na tarehe 22 Novemba 1992, katika mkutano wa Kabaya, Léon Mugesera alisema kwamba warudishwe huko kwa njia ya mto Nyabarongo.

Katika siku mia moja za mwaka 1994 Watutsi wa Rwanda waliuawa, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji. Idadi yao hukadiriwa kuwa 800,000 au zaidi. Tarehe 8 Novemba mwaka huo Baraza la Usalama liliunda mahakama ya kuwahukumu wakuu wa jambo hilo, na mwezi wa Februari 1995 Arusha ikachaguliwa kuwa makao yake. Sheria ya mahakama ilichukua maneno ya mkataba wa 1948 kama yalivyokuwa.

Hukumu ya kwanza ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998 juu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba. Majaji Laïty Kama, Lennart Aspegren na Navanethem Pillay walimwona na hatia, pamoja na ya uchochezi. Ili kufika hapo iliwapasa kwanza kujua maana ya maneno. Akayesu aliwataka watu wapigane na "inkotanyi", neno ambalo asili yake ni jina la askari hodari wa mfalme. Wengine walisema "inyenzi", yaani mende. Mahakama ilimwita Mathias Ruzindana, mtaalamu wa lugha, aeleze jinsi maana ya maneno hayo ilivyobadilika kwa wakati na mahali, na ikakubali kwamba neno la fumbo laweza kuwa uchochezi wa moja kwa moja ikiwa wasikilizaji walilielewa mara moja.

Kisha ikaja kesi ya vyombo vya habari. Walioshtakiwa ni Ferdinand Nahimana, aliyekuwa mwanahistoria wa chuo kikuu, na Jean-Bosco Barayagwiza, wote wawili wa redio ya RTLM. Na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Hukumu ya tarehe 3 Desemba 2003 ilirudi kwa Streicher na Fritzsche, ikawatia hatiani wote watatu. Lakini tarehe 28 Novemba 2007 majaji wa rufaa walipunguza adhabu zikawa miaka 30, 32 na 35, wakasema kwamba matangazo ya RTLM ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994 yalijaa chuki, ila haikuthibitika kwamba yaliwaita watu moja kwa moja kuua. Mipaka iliyowekwa mwaka 1948 ilionekana waziwazi Arusha.

Majaji wenyewe hawakuwa na kauli moja. Mohamed Shahabuddeen wa Guyana aliona kwamba hukumu ya kwanza juu ya matangazo hayo ya awali ilikuwa sawa. Theodor Meron, Myahudi aliyezaliwa Kalisz katika Poland mwaka 1930 na kupita utoto wake katika kambi ya kazi ya Wajerumani, alikwenda upande wa pili: kwa maoni yake, maneno ya chuki yasiyofika kuwa uchochezi yasihesabiwe jinai, kwa kuwa uhuru wa kusema nao wataka kulindwa. Si rahisi kumjibu mtu wa namna hiyo. Hata hivyo yeyote aliyesoma magazeti ya Kangura tangu 1990 atajiuliza kama wauaji wa Aprili wangalipata wa kuwasikiliza pasipo miaka ile minne ya kuzoeshwa.

Mahakama hiyo ilifunga kazi mwisho wa mwaka 2015. Lugha zake zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, pamoja na tafsiri ya Kinyarwanda; Kiswahili, lugha ya mji, hakikuwamo. Kilipolazimika kulitaja neno la Lemkin kilipata majina mawili, "mauaji ya halaiki" na "mauaji ya kimbari". Halaiki, lenye asili ya Kiarabu, ni umati wa watu, hutaja wingi. Mbari ni ukoo, na kwa hiyo kimbari liko karibu zaidi na neno la Kiyunani alilolichagua Lemkin, na pia na "itsembabwoko" la Kinyarwanda, ambalo sehemu yake ya pili ni "ubwoko", yaani kabila, neno lililoandikwa katika kitambulisho cha kila Mnyarwanda hadi 1994. Magazeti huyatumia majina haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja. Katika sheria sivyo: kosa la Akayesu halikupimwa kwa idadi ya waliokufa Taba, bali kwa kuwa waliuawa kwa ajili ya ubwoko wao.