Lassnig: Msanii aliyechora mwili alivyouhisi

MARIA Lassnig (1919-2014), msanii wa Austria, hakutegemea kioo alipojichora. Mara nyingi alifumba macho, akausikiliza mwili wake, kisha akachora viungo alivyovihisi wakati huo tu. Ndiyo maana vichwa vingi alivyochora havina nywele, kwani nywele zenyewe hazina hisia. Mbinu hiyo aliiita utambuzi wa mwili. Kumbukumbu nazo zilipata nafasi: mamake alipofariki mwaka wa 1964, majonzi hayo yalijitokeza katika kazi zake.

Heshima ilichelewa kumfikia. Mnamo 1980 alifanywa profesa jijini Vienna, na mwaka wa 2013, akiwa na umri wa miaka 93, akatunukiwa Simba wa Dhahabu katika maonyesho ya Venice. Aliaga dunia mwaka uliofuata.