Urejeshaji wa kanzidata katika Nyanda za Juu Kusini

Urejeshaji wa kanzidata ni kazi ya kuzirudisha katika hali ya kutumika taarifa za kompyuta ambazo faili lake limeharibika, limefutwa au limegoma kufunguka. Katika mikoa ya Iringa na Mbeya kazi hii hufanyika shuleni, kwenye SACCOS, vyuoni na katika ofisi za halmashauri, lakini uzito wake unaonekana zaidi kwenye kliniki za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU, yaani CTC. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta kiwango cha maambukizi kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea kuwa asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Rekodi za wagonjwa hawa ni za maisha yote. Aliyeanzishiwa dawa katika miaka ya mwanzo ya mpango wa taifa, uliozinduliwa mwaka 2004, ana miaka zaidi ya ishirini ya mahudhurio, na daktari anayembadilishia dawa leo anahitaji kujua alichokuwa akitumia wakati ule.

Kadi na faili

Mgonjwa wa CTC ana kadi mbili. Kadi ya CTC1 hukaa naye nyumbani, ile ya CTC2 hubaki kituoni ndani ya jalada lake. Kila anapohudhuria, mhudumu huongeza mstari mmoja kwenye CTC2: tarehe, uzito, hatua ya ugonjwa, vipimo, alama ya mchanganyiko wa dawa aliopewa, na siku ya kurudi. Kisha karani wa data huingiza mstari huo kwenye programu inayoitwa pia CTC2, ambayo kwa miaka mingi imejengwa juu ya Microsoft Access. Takwimu za vituo hupelekwa ngazi za juu na kuunganishwa katika kanzidata ya CTC3.

Access huweka majedwali yote ndani ya faili moja lisiloweza kuzidi GB 2. Kompyuta mbili au tatu zikilitumia kwa pamoja, kila moja huingia yenyewe na kuandika. Hakuna seva katikati ya kuamua nani aandike kwanza. Waya wa mtandao ukichomoka au umeme ukikatika katikati ya uandishi, sehemu ya faili hubaki nusu mpya nusu ya zamani. Kesho yake karani anakuta safu ya herufi zisizosomeka mahali pa mgonjwa, au programu inadai faili si la aina inayoitambua. Hilo ndilo tatizo la kawaida kabisa la mfumo wa namna hii, wala si dalili kwamba karani amefanya uzembe.

Umeme wenyewe una historia yake. Mabwawa ya Mtera, yenye uwezo wa MW 80, na Kihansi, MW 180, yote yako katika ukanda huu au mpakani mwake, lakini nguvu yake huingia kwanza kwenye gridi ya taifa. Gridi hiyo ilipopata hitilafu tarehe 1 Aprili 2024, Iringa na Mbeya zilikosa umeme sawa na mikoa mingine. Kuanzia Novemba hadi Aprili, msimu wa mvua, kuna pia radi, na radi haiishii kuzima kompyuta: huweza kupita kwenye waya wa umeme au wa mtandao na kuunguza diski pamoja na kifaa cha nakala kilichoachwa kimechomekwa.

Kuna madhara mengine ya umeme yasiyoonekana haraka. Betri ndogo inayotunza saa ndani ya kompyuta ikiwa imekufa, umeme ukikatika na kurudi mashine huwaka na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Karani asipoitazama saa, mahudhurio ya siku nzima huandikwa kwa mwaka usio sahihi. Faili halijaharibika na hakuna onyo lolote, ila mgonjwa aliyekuja asubuhi anahesabika kuwa aliacha dawa zamani. Kurekebisha kosa la aina hii ni kugumu kuliko kufufua faili lililogoma kufunguka, kwa kuwa linaweza kuingia kwenye ripoti za miezi kadhaa kabla ya mtu kulishtukia.

Hatua za urejeshaji

Hatua ya kwanza ni kuacha. Watumiaji wote watoke kwenye programu, na faili bovu linakiliwe kama lilivyo mahali pengine kabla ya jaribio lolote. Access ina amri ya kubana na kukarabati faili, na mara nyingi husaidia, lakini ikikutana na sehemu isiyoielewa inaweza kuiondoa moja kwa moja. Mtu aliyeitumia kwenye faili pekee alilonalo hana pa kurudi. Rekodi zinazopotea kutokana na ukarabati wa pupa zinaweza kuwa nyingi kuliko zile zilizopotea umeme ulipokatika.

Amri hiyo ikishindwa, fundi hutengeneza kanzidata tupu na kuingiza majedwali ya zamani moja moja. Jedwali linalokataa huhamishwa kwa mafungu: rekodi elfu moja, kisha mia, mpaka ile mbovu ijulikane na kurukwa. Kinachopatikana hulinganishwa na nakala ya mwisho iliyo nzima. Pengo lililobaki, tuseme wiki tatu, hujazwa kwa karatasi.

Kazi ya kujaza huanza kwenye rejista ya miadi, inayoonyesha nani alitarajiwa siku gani. Majalada yao hushushwa kutoka kwenye rafu. Mmoja anasoma kwa sauti namba ya mgonjwa, tarehe, uzito, alama ya dawa, siku ya kurudi. Mwenzake anaandika na kuirudia namba. Mtu wa tatu huchukua kadi chache bila mpangilio na kuzilinganisha na skrini. Tarehe ndizo zinazosumbua zaidi: kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani huisoma 04/07 kama tarehe 7 Aprili, wakati muuguzi aliandika tarehe 4 Julai. Kazi inachosha, lakini ina uhakika ambao programu za kufufua faili hazina, maana kadi iliandikwa mgonjwa akiwa amekaa mbele ya mhudumu.

Ndiyo maana wito wa kuacha karatasi haraka unapaswa kupokewa kwa tahadhari katika vituo hivi. Kituo kinaweza kuachana na kadi pale tu kinapokuwa kimewahi kurejesha kanzidata yake nzima kutoka kwenye nakala, kwenye kompyuta nyingine, na rekodi zikatimia.

Mifumo mikubwa inayotumia MySQL au PostgreSQL hufanya kazi tofauti. Badiliko huandikwa kwanza kwenye kumbukumbu ya miamala, kisha kwenye jedwali, hivyo umeme ukirudi mfumo huisoma kumbukumbu hiyo na kumalizia wenyewe. Mbinu hii ilielezwa kwa kina na C. Mohan na wenzake wa IBM katika makala ya mwaka 1992 kuhusu utaratibu wa ARIES. Mifumo hiyo ikiharibika, mara nyingi chanzo ni diski inayokufa, diski inayodai imeshaandika ilhali bado, au mkono wa mtu. Katika MySQL kuna kipengele innodb_force_recovery chenye ngazi 1 hadi 6 za kuilazimisha kanzidata iwake. Kuanzia ngazi ya 4 kinaweza chenyewe kuleta uharibifu wa kudumu. Kinatumika kutoa data na kuzihamishia kwenye usakinishaji mpya. Hakifai kuendeshea kazi za kila siku.

Thamani ya rekodi za zamani

Kati ya 2006 na 2011 watafiti walifuatilia watu wapatao 18,000 katika maeneo tisa ya Mbeya, wakichukua damu na kuandika taarifa za kila mmoja. Miaka baadaye damu iliyohifadhiwa ya wakazi wa Kyela ilipimwa kutafuta minyoo ya matende, swali ambalo jibu lake lilitegemea kujua kila sampuli ni ya nani, ilichukuliwa lini, na kama mhusika alipata VVU baadaye. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2016, yalionyesha kuwa wenye minyoo hiyo walipata maambukizi mapya ya VVU kwa kasi zaidi ya mara mbili ya wasio nayo. Kama rekodi zilizounganisha chupa na watu zingepotea, majokofu yangebaki yamejaa damu isiyoweza kusema lolote.

Kinga

Kanuni inayofahamika zaidi, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, hutaka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Sharti la mwisho ndilo linalokiukwa sana. Bakapu ya kituo hukaa kwenye flashi ndani ya droo ya meza ileile yenye kompyuta. Mwizi mmoja, au moto mmoja, huondoka na vyote. Mbeya inaujua moto: soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006.

Kutuma nakala kwenye seva za mbali kupitia intaneti husaidia, ila si peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Diski ya nje inayopelekwa kila wiki hospitali ya wilaya haitegemei bahari. Kila nakala iwe na tarehe katika jina lake, na za zamani zisifunikwe na mpya, kwa sababu faili lililoharibika kimyakimya Jumatatu litaifuta nakala nzima ya Ijumaa.

Nakala isiyojaribiwa haifai kuhesabiwa. Mwezi Januari 2017 kampuni ya GitLab, yenye wahandisi wa kutosha, ilifuta kanzidata yake kimakosa na kukuta njia zote tano za nakala ilizozitegemea hazikufanya kazi ipasavyo. Iliokolewa na nakala ya saa sita kabla, iliyochukuliwa kwa sababu nyingine. Kwa kituo cha afya jaribio ni rahisi: nakala ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, idadi ya wagonjwa ilinganishwe, na kadi chache zitafutwe. UPS, kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika, hutoa dakika chache za kufunga programu kwa utaratibu, mradi betri yake ibadilishwe inapochoka.

Nakala ni data ya mgonjwa sawa na faili lenyewe. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda usiri wa hali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Flashi ya wagonjwa isiyofungwa kwa nywila, ikidondoka kwenye basi la Makambako, ni siri za watu wa kata nzima mikononi mwa asiyehusika. Nywila nayo ina hatari yake: karani aliyeiweka akihamishwa bila kuikabidhi, nakala zote zinakuwa hazifunguki. Iandikwe, iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa katika kabati la mganga mfawidhi, na ibadilishwe kila anapoondoka mtu aliyeifahamu.